Kurudisha na Kunoa Nyembe za Kukunja za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniletea nyembe za kukunja, ziwe zimetoka sandukuni kwa babu au mnadani, huniuliza maswali yale yale, na wengi huuliza wakiwa wameshapitisha msasa. Nimeyapanga hapa uyasome kabla hujagusa chuma. Utaniona narudia jambo moja: chuma kikishatoka hakirudi. Nyembe nyingi ninazozikataa zilistahimili miaka sabini ya droo, kisha zikafa alasiri moja mikononi mwa mtu mwenye haraka.

## Mwanzo

1. Wembe wa kukunja ni upi? Ndio ule wa kinyozi wa mtaani?

Ni wembe wenye bapa moja la pua (chuma kigumu, si kile kisichoota kutu), linalokunjwa ndani ya mpini wake na kunolewa tena na tena kwa miaka. Kinyozi wa leo akikunyoa ndevu kwa kitu kinachofanana nao, mara nyingi ameshika kishikio tu, na ndani yake amepachika nusu ya wembe wa kutupa. Huo haunolewi, na majibu ya hapa hayauhusu, isipokuwa la 18.

Nyembe za kukunja zilitengenezwa kwa wingi Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Nyingine zilitoka Thiers nchini Ufaransa, Eskilstuna nchini Sweden, na Marekani. Soko lake lilianza kufifia baada ya kampuni ya King C. Gillette kuanza kuuza wembe wa salama, ambao bapa lake hubadilishwa na kutupwa, mwaka 1903. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaongeza kasi, maana askari wa Marekani waligawiwa nyembe za Gillette kwa mamilioni.

2. Sehemu zake zinaitwaje?

Mgongo ni upande mnene unaotazamana na makali. Shina ni sehemu isiyo na makali kati ya bapa na ribiti, na hapo ndipo jina la mtengenezaji hugongwa. Kisigino ni pale makali yanapoanzia karibu na shina, na ncha ni pale yanapoishia. Mkia ni kipande kilichopinda cha kuegemezea kidole. Mpini ni vibao viwili vilivyobanwa kwa ribiti. Neno nitakalolitumia kuliko yote ni mteremko: ule uso mwembamba unaong'aa kando ya makali, unaochongwa na kinoo. Kila upande una mteremko wake, na pale miteremko miwili inapokutana ndipo penye makali.

Bapa lina maumbo mawili makuu. La kabari ni nene, mbavu zake karibu zinyooke kutoka mgongoni hadi makalini. Nyembe nyingi za Sheffield za nusu ya kwanza ya karne ya 19 ziko hivyo. La kuchimbwa lina mbavu zilizobonyea kwa ndani, na lililochimbwa sana hupinda kidogo ukilibonyeza kwa ukucha. Kabari hudai subira zaidi kwenye kinoo kwa sababu jiwe linagusa chuma kingi.

3. Nitajuaje umri wa wembe wangu?

Soma shina kwa lenzi ya fundi saa. Taji lenye herufi W R ni la enzi ya Mfalme William wa Nne, 1830 hadi 1837. V R ni ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Maneno CAST STEEL yanataja chuma kilichoyeyushwa katika vyungu, ufundi ulioletwa Sheffield miaka ya 1740 na Benjamin Huntsman, fundi saa aliyekuwa akitafuta chuma bora cha springi. Napenda kuwakumbusha watu kwamba wembe mzuri wa Kiingereza ulianzia kwenye saa.

Neno ENGLAND au GERMANY likiwa peke yake husaidia pia. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, hivyo nyembe nyingi zenye jina la nchi ni za kuanzia 1891. Lakini wembe usio na jina la nchi si lazima uwe wa kabla ya hapo, kwa kuwa huenda haukukusudiwa soko la nje. Alama za viwanda nazo hutambulisha: nyota na msalaba wa Malta ni Joseph Rodgers & Sons, I*XL ni George Wostenholm, wote wa Sheffield.

4. Namba kama 5/8 maana yake nini?

Ni upana wa bapa, kutoka mgongoni hadi makalini, kwa sehemu za nane za inchi. 5/8 ni kama milimita 16, na 6/8 ni kama 19. Anayeanza atulie na 5/8 au 6/8. Nyembe pana za kabari ni nzuri kuzitazama, lakini si za kujifunzia.

## Kabla ya kununua au kuanza kazi

5. Nitajuaje kama wembe unarudishika?

Anza na nyufa. Upapase ukingo wa makali kwa pamba kavu, uone kama nyuzi zitanasa, kisha utazame kwa lenzi ukiwa umeelekeza mwanga ubavuni. Gonga bapa taratibu kwa ukucha: zima hulia ting, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Wembe wenye ufa usinyolewe nao. Hakuna fundi wa kuuponya, na kipande kinaweza kukatika shavuni.

Halafu tazama kutu ilipo. Vishimo vyeusi mgongoni au shinani ni sura tu. Vikiwa milimita moja au mbili kutoka makalini ni jambo jingine, kwa sababu kinoo kitakapofika hapo makali yatatoboka kama meno ya msumeno. Mwisho kagua mgongo. Ukiona umelika sana upande mmoja na kidogo upande wa pili, wembe huo umenolewa kwa nguvu au bapa lake limepinda (tazama swali la 17).

6. Mpini wangu ni mweupe. Ni pembe ya ndovu?

Tazama mwisho wa kibao, pale kilipokatwa. Pembe ya ndovu ina mistari ya upinde inayokatizana kama wavu. Mfupa una vidoti na vijistari vyeusi, ambavyo ni mirija ya damu ya mnyama. Seluloidi iliyotengenezwa kuiga pembe ina mistari iliyonyooka na kulingana mno, na ukiisugua kwa dole gumba mpaka ipate joto hunuka kafuri.

Ikiwa ni ya ndovu, basi umeshika kipande cha historia yetu. Misafara iliyoishia Bagamoyo ilileta pembe zilizovushwa hadi Zanzibar, zikauzwa Bombay, London na Marekani. Sheffield ilikuwa mnunuzi mkubwa wa pembe za Afrika, na kiwanda cha Joseph Rodgers & Sons kilisifika kwa ghala lake lililosheheni pembe. Siwezi kuushika mpini wa namna hiyo nisiwafikirie wapagazi.

Kuhusu sheria: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Kenya iliteketeza tani 12. Kenya na Tanzania, kuwa na pembe bila kibali ni kosa la jinai. Usinunue, usiagize, usivuke mpaka nayo. Kama umeurithi, wasiliana kwanza na mamlaka ya wanyamapori.

## Kusafisha na kurudisha

7. Natoaje kutu bila kuharibu?

Nenda kutoka dawa nyepesi kwenda nzito, ukikoma pale panapotosha. Tandaza wembe juu ya ubao, makali yakitazama upande usio na vidole vyako, na uyafunike kwa tepu. Loweka kutu usiku mzima kwa mafuta ya taa au ya cherehani, mbali na moto. Asubuhi sugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma kama Brasso au Autosol. Nusu ya nyembe ninazoletewa haziendi mbele ya hapo.

Kama kutu imeganda, shika msasa wa maji namba 1000 (namba kubwa ndiyo laini) uliolowa mafuta. Ukishindwa kabisa, shuka hadi 600, kisha urudi kupitia 1000 hadi 2000 ili kufuta mikwaruzo. Vishimo vyeusi vilivyobaki viache. Kuvifuata hadi chini ni kulikondesha bapa zima kwa ajili ya madoa ambayo hayamkati mtu. Siki pia nakataza: inakula chuma kizima pamoja na kutu na kuacha ukungu wa kijivu.

Ikiwa bapa lina maandishi au picha za dhahabu, usiyaguse hata kwa Brasso. Dhahabu hiyo ni nyembamba mno, na kusugua mara chache tu kunaifuta.

8. Si rahisi nimpe fundi wa grenda aung'arishe kwa dakika tano?

Hapana. Nimepoteza wembe kwa njia hiyo. Ulikuwa kabari wa Sheffield, wa kwanza kabisa kupewa, nikampa fundi mmoja mwenye gurudumu la kung'arishia. Ulirudi unang'aa kama kioo, na karibu na ncha palikuwa na utepe wa rangi ya bluu. Sikujua ile bluu ni nini mpaka niliponoa wiki nzima na makali yakawa yanalegea kila siku.

Ugumu wa pua hupatikana kwa kuipasha moto, kuipoza ghafla, kisha kuipasha tena kwa kipimo. Wembe ukipata joto kupita kipimo hicho, ugumu unashuka. Rangi ya manjano hutokea kwenye nyuzi joto 220 hivi, ya bluu karibu na 300. Makali ndiyo membamba kuliko pote, hivyo ndiyo yanayoungua kwanza, kwa sekunde, kabla mkono haujahisi kitu. Mkono na msasa haviwezi kufikisha joto hilo. Wembe ule bado ninao, na kila anayeuliza swali hili namwonyesha ile bluu.

9. Mpini umelegea au umepasuka. Nifanyeje?

Ukilegea tu, weka kichwa cha ribiti juu ya chuma imara na ugonge upande wa pili kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi sana, ukijaribu kukunja kila baada ya viwili au vitatu. Vipigo vyepesi vinatandaza kichwa cha ribiti, ila kizito kinapasua kibao. Pembe ya ng'ombe au nyati iliyokauka ipakwe mafuta kwa siku kadhaa kwanza.

Kibao kilichopasuka hutengenezwa upya. Mpingo ni mti wetu na unafaa mno: mgumu, hauli maji, unang'aa bila rangi. Chonga vibao viwili vyembamba, kati yake upande wa mwisho weka kabari ndogo ili wembe ukikunjwa makali yasiguse mti. Kung'oa ribiti za zamani, pekecha kichwa chake kwa drili ndogo. Usizing'oe kwa koleo.

10. Mpini wa seluloidi unanuka na bapa limeota kutu ya ajabu. Kwa nini?

Seluloidi inaoza. Inapooza hutoa mvuke wa tindikali, na wembe uliofungwa ndani yake hupata kutu pale tu mpini unapoufunika. Ukiona nyufa za fuwele, jasho au harufu kali, tenganisha mpini na bapa siku hiyo hiyo, na usiuhifadhi pamoja na nyembe nyingine. Ugonjwa huo hauna dawa, na mpini mpya ni lazima (swali la 9). Kumbuka pia kwamba seluloidi hushika moto upesi mno, kwa hiyo usiipekeche ukiwa na sigara wala karibu na jiko.

## Kunoa

11. Jiwe la kunolea visu au panga linatosha?

Halitoshi. Linakata mifereji mirefu inayofanya makali yawe kama msumeno. Unahitaji ngazi za vinoo: namba 1000 kuchonga mteremko, 4000 na 8000 kulainisha, na ukipenda 12000 kumalizia. Wengine humalizia kwa mawe ya asili. Jiwe la rangi ya maziwa la milima ya Ardennes, Ubelgiji, ndilo maarufu. Hukata kwa chembechembe za garneti zilizomo ndani yake.

Kama vinoo ni ghali kwako, bandika msasa wa maji namba 2000 juu ya kioo kinene uchonge mteremko, kisha umalizie kwa karatasi za kung'arishia za mikroni 3 na 1. Nimenoa hivyo nyembe kadhaa na zikanyoa vizuri.

12. Lazima nisawazishe kinoo kipya?

Ndiyo, hata kikiwa kimetoka dukani leo. Chora miraba ya penseli juu yake, kisha usugue kwa maji juu ya msasa namba 220 hadi 400 uliobandikwa kwenye kioo, mpaka penseli yote itoke. Kona iliyobaki na penseli ni bonde.

13. Nanoaje hasa?

Weka kinoo juu ya kitambaa chenye unyevu kisiteleze, ukilowe maji. Laza wembe ili mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, na visiachane nalo hata kidogo. Hapa ndipo ustadi wa waliounda wembe huu: mgongo ndio unaokushikia pembe. Bapa la upana wa milimita 16 lenye mgongo wa milimita 4.5 hunolewa kwa nyuzi 16 hivi, nawe huna haja ya kupima.

Sukuma makali yakitangulia. Mwishoni pindua wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, kisha urudi. Kwa kuwa bapa huwa refu kuliko upana wa kinoo, vuta kwa mshazari kutoka kisigino hadi ncha. Kwenye 1000 unaweza kukandamiza kwa uzito wa kidole kimoja. Kwingine kote uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Kaa kwenye 1000 mpaka mteremko ukamilike, hata ikichukua saa nzima. Hili ndilo kosa la karibu kila anayeniambia wembe wake hauchukui makali: amekimbilia 8000 wakati miteremko haijakutana. Vinoo vya juu hulainisha kilichopo, haviundi kisichokuwepo. Miteremko ikishakutana, mizunguko 25 hivi kwenye 4000, 20 kwenye 8000 na 10 kwenye 12000 inatosha.

14. Nitajuaje miteremko imekutana?

Paka makapeni juu ya mteremko, piga mzunguko mmoja, tazama kwa lenzi. Wino uliobaki karibu na makali unaonyesha ambapo jiwe halifiki. Kisha simamisha wembe chini ya taa, makali yakikutazama: makali ya kweli hayaonekani, na palipo na mng'ao pana ubutu. Baada ya 1000 wembe unyoe malaika ya mkononi kwenye urefu wake wote, kisigino hadi ncha.

Mafundi wengi hutumia jaribio la unywele unaoning'inia, ambao wembe unapaswa kuukata hewani. Kwa nywele zetu zinazojikunja halinipi jibu la kuaminika, nami nililiacha.

15. Niweke tepu mgongoni?

Kwa bapa lenye dhahabu au nakshi mgongoni, weka tepu moja ya fundi umeme na uibadilishe kila kinoo. Kwenye wembe wa 5/8 itaongeza kama nyuzi moja, na hilo halidhuru. Ila ukianza na tepu, endelea nayo hadi mwisho, la sivyo miteremko itakuwa ya pembe mbili.

16. Mkanda wa ngozi ni wa nini?

Ni wa kunyoosha makali kila kabla ya kunyoa. Ngozi ya ng'ombe iliyo laini, isiyo na rangi ya viatu, upana wa sentimita 6 au 7, itakufaa. Mgongo hutangulia, makali yanafuata nyuma. Ukikosea mwelekeo huo utakata mkanda na kuua makali kwa mpigo mmoja. Vuta mkanda ukaze, piga 20 kwenye turubai safi kisha 50 kwenye ngozi. Wengine hupaka unga wa kijani wa oksidi ya kromi kwenye mkanda wa pili. Unafaa kuamsha makali yaliyochoka, ila usiupake kwenye mkanda wa kila siku.

17. Makali yangu yamepinda. Niyanyooshe?

Inategemea yamepindaje. Yaliyotuna kidogo katikati mara nyingi yalitoka hivyo kiwandani. Yaache, na unapovuta mshazari inua shina kidogo kidogo ili kila sehemu iguse jiwe kwa zamu. Yaliyobonyea katikati ni kosa la kunoa, na yatakuacha na ndevu katikati ya shavu. Hayo yanyooshwe kwenye 1000 taratibu. Bapa lenyewe likiwa limejipinda kama ubao uliolowa, usijaribu kulinyoosha kwa mkono, litavunjika. Linolee kwenye kinoo chembamba cha sentimita 3 au 4, kinachoweza kuingia kwenye bonde lake.

## Kunyoa na kutunza

18. Kuna hatari ya magonjwa?

Ipo, na nataka ichukuliwe kwa uzito wake. Wembe unabeba damu hata usipoiona, na kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe ulionunuliwa uoshwe kwa sabuni na brashi, hasa kwenye ribiti, kisha bapa lilowekwe kwenye alkoholi ya asilimia 70 kwa dakika 10. Usitumie Jik, kwani hutoboa chuma upesi. Usichemshe mpini wa pembe. Baada ya hapo wembe ni wa mtu mmoja, hauazimwi hata kwa ndugu. Kwa kunyoa wateja, tumia kishikio cha wembe wa kutupa (swali la 1).

19. Ndevu zangu zinajikunja na napata vipele. Wembe huu utanisaidia?

Unaweza kusaidia kwa sababu una makali moja tu, lakini ukiutumia kukwangua kabisa utapata vipele vile vile. Loweka uso kwa maji ya moto, paka povu zito, laza wembe karibu nyuzi 30 kwenye ngozi, fuata uelekeo wa ndevu, pita mara moja na uache. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na kweli mkono wa pili unachukua wiki kadhaa kuzoea. Anza na mashavu, shingo iache mwisho.

20. Naishi Tanga, kila kitu kinaota kutu. Niuhifadhije?

Baada ya kunyoa futa, pitisha kwenye mkanda mara chache, paka tone la mafuta ya cherehani hadi ndani ya ribiti. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda kama gundi. Usiuache bafuni wala kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi huvuta unyevu. Kopo linalofunga vizuri lenye vifuko vya silika ni salama zaidi, mradi hamna seluloidi ndani.

21. Wembe wa marehemu babu umelika mgongo upande mmoja. Niurudishe uwe kama mpya?

Ungekuwa wangu, ningetoa kutu nyekundu, ningenoa makali, na ule mgongo ningeuacha. Kuusawazisha kunadai kutoa chuma kingi upande uliobaki mzima, na hautanyoa vizuri zaidi kwa hilo. Niliwahi kuletewa mmoja wa namna hiyo, wa Solingen, nikafanya hivyo hivyo. Mwenyewe alipokuja kuuchukua aliugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akauangalia ule upande uliolika kwa muda, akasema babu yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.